Ukiwa mtu mzima Krismasi inageuka bajeti. Nyie mnafanyaje ili iwe na ladha?

#1 Mwembe_wa_Uani (mleta uzi), 6 Desemba

Wakuu, salaam.

Jana jioni nilipita Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nikitafuta mpira wa jiko la gesi. Wamachinga wameshatundika mapambo: nyuzi za kung'aa, kofia nyekundu zenye manyoya kwenye joto hili, na zile taa za kuwakawaka zenye kikasha kinacholia nyimbo za Noeli kwa sauti ya mbu. Nikasimama kidogo nisikilizie kama kuna kitu kitanigusa. Wapi. Kichwani zilikuja hesabu tu: kodi ya miezi 6 inaisha Januari, ada ya mdogo wangu, na wale ambao ikifika tarehe 23 lazima waandike, "Kaka, sikukuu tunailaje?"

Nimekulia Tabora, wa tatu kati ya wanne. Desemba ya kwetu ilianzia kwa fundi cherehani. Mama alinunua kitambaa cha jora moja, tukashonewa wote, tukikaa benchi moja kanisani unadhani kwaya imefika. Yangu lazima izidi mwili, "utakua nayo". Kama tarehe 20 hivi anafika jogoo, anafungwa kamba mguuni chini ya mwembe, na tunakatazwa kumpa jina. Tulimpa jina kila mwaka.

Ila mkesha ndio ulikuwa wenyewe. Usiku wa tarehe 24 mama alikaanga maandazi, usiku hasa, saa tatu saa nne, mkaa unawaka uani. Kazi yangu ilikuwa kutwanga iliki. Unaitia kwenye kinu kidogo na kijiko cha sukari, maana sukari ndiyo inayoshika maganda yasiruke, unatwanga mpaka ukifungua kiganja harufu inakupiga puani. Nilikwenda kwenye misa ya usiku nikinusa vidole. Tukirudi mvua imeshanyesha, vyura wanapiga kelele mabondeni, na mfukoni nina andazi nililoiba.

Halafu soda. Sijui kama vijana wa siku hizi wanalijua hili. Mwaka mzima unagawana soda na ndugu zako kwa kupimiana kwenye kikombe, ila tarehe 25 unapewa chupa nzima, ya kwako peke yako. Hatukuifungua. Tulitoboa kifuniko kwa msumari na jiwe, katundu kadogo tu, tukawa tunafyonza. Mirinda moja ilitoka saa saba mchana mpaka Magharibi. Aliyemaliza wa kwanza ndiye mjinga wa siku.

Sasa mwaka jana, hapa Dar. Niliamka saa tano. Nikatuma miamala saba, makato juu. Nikaagiza chipsi kuku. Nikaangalia simu. Saa kumi jioni nikajikuta nasubiri siku iishe kama mtu aliyeko foleni ya benki.

Mwaka huu pia siendi nyumbani, likizo imegoma. Siulizii mambo ya sinema, mtu kajikunja na blanketi, kikombe cha chokoleti ya moto, theluji dirishani. Hapa Kimara ukijifunika shuka tu unaamka umelowa. Nauliza nyie watu wazima, mnaoishi wenyewe au na familia ndogo: mnafanya kitu gani mpaka mkahisi leo ni sikukuu kweli?

#2 kiti_cha_plastiki

Naweka kiti hapa. Mimi mwaka jana nililala saa mbili usiku tarehe 25 ili ifike 26.

#3 Mangi_Mstaafu

Mleta uzi, kosa la kwanza ni kukutwa Dar tarehe 25. Sisi Wachagga wenzako tunajulikana, Desemba ikifika barabara ya Chalinze mpaka Himo ni yetu, na mtatutania mpaka Januari. Tangu treni ya Moshi irudi mwaka 2019 hata visingizio vya nauli ya basi vimepungua.

Lakini nikwambie ukweli ambao watu wa kwetu hawausemi. Nilienda nyumbani kila mwaka kwa miaka kumi na sikukuu ilikuwa haina ladha vilevile. Nilifika tarehe 24 usiku, nimechoka, nimebeba mafuta, mchele na kanga za mama. Kesho yake nakuta kila kitu tayari: mbuzi kachinjwa, kisusio, ile supu ya damu, kimo sufuriani, mtori mezani, pombe kwenye kata. Nakula, napiga picha, watu wanakuja mmoja mmoja kunivuta pembeni, "Mangi, hebu nikuambie kitu." Wote walikuwa na kitu. Tarehe 27 narudi nimekauka mfukoni na moyoni.

Miaka minne iliyopita niliachishwa kazi Novemba, nikaenda nyumbani tarehe 10 Desemba kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Ndiyo Krismasi bora kuliko zote tangu niwe na ndevu. Kwa nini? Nilikuwepo kwenye kupika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Kwa msiojua, mbege haipikwi kwa siku moja. Ulezi unalowekwa, unaachwa uote, unaanikwa ukauke, ndipo unasagwa. Ndizi zinasubiriwa ziive kabisa, zinamenywa, zinachemshwa muda mrefu mpaka zigeuke nyekundu, halafu zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Zikiwa tayari zinachujwa, unapikwa uji wa ule ulezi, ukipoa unachanganywa na yale maji ya ndizi, na kesho yake ndiyo watu wanakaa. Anayetaka uchungu anatia gome la msesewe. Sasa ukishika kuni siku zote hizo, ukafukuza kuku kwenye ulezi uani, ukaonja na kuambiwa na shangazi "bado, acha haraka za mjini", tarehe 25 ikifika kata ile ina maana nyingine mkononi.

Sina ushauri wa Kimara. Nasema tu, anayekuja kula anapata chakula.

#4 Ukweli_Mchungu

Watu wazima mnalilia Krismasi? Sikukuu ni ya watoto. Mtu mzima nunua nyama kilo mbili, kula, lala, Januari ina siku tisini inakungoja.

#5 dada_wa_zamu

Ukweli Mchungu, nakuheshimu, ila hapana. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, huu mwaka wa sita na mikesha minne nimekuwa zamu. Wajawazito hawaangalii kalenda. Kila mwaka tunatoka na akina Noela na Emanueli wawili watatu, na kuna baba mmoja alitaka mwanawe aitwe Krismasi, mama mtu akamwangalia tu, jina likafa palepale.

Mwanzoni nililia chooni. Sasa tumejiwekea utaratibu. Kila aliye zamu anakuja na hotipoti ya chakula cha kwao, hatukubaliani nani alete nini, kwa hiyo kuna mwaka tulikuwa na hotipoti tano za wali na kitoweo hakuna. Saa sita usiku mama anayeweza kusimama anasimama, tunaimba ubeti mmoja kwa sauti ya chini kwa sababu vichanga wamelala. Basi. Dakika tatu, halafu mtu anaita "nesi!" na kazi inaendelea.

Krismasi yangu mimi na dada yangu ni tarehe 28. Tumeihamisha. Nyama tarehe 28 inapatikana bila kusukumana, saluni hakuna foleni, na hakuna anayekupigia simu kuomba chochote maana kila mtu anajua pesa zimeisha. Mara ya kwanza tulijiona tunajidanganya. Mara ya pili dada alianza kuniuliza mwezi wa kumi, "Tarehe 28 tunapika nini?" Waethiopia wenyewe Krismasi yao ni tarehe 7 Januari na haijawapungukia kitu.

#6 baridi_ya_Hamburg

Niko Ujerumani mwaka wa nane, asili Mbeya, kwa hiyo hata baridi naijua kidogo. Niseme kuhusu hayo mablanketi ya sinema mliyoyacheka.

Huku mwezi huu saa kumi jioni ni giza. Ukitoka kazini usiku umeshaingia, ukiamka bado upo. Ile mishumaa, masoko ya Krismasi, vinywaji vya moto, hayo yote ni watu wanapambana na giza. Ukilichukua blanketi lao ukalipeleka Kimara umebeba dawa ya ugonjwa usio wako.

Kitu kimoja cha huku ambacho nakipenda na hata nyumbani makanisani kipo ni shada la Majilio, lile la mishumaa minne ya Jumapili nne kabla ya Krismasi. Lilianzia hapahapa Hamburg mwaka 1839. Mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa na kituo cha watoto maskini, watoto wakawa wanamsumbua kila siku, "Krismasi ni lini?" Akachukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa, midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili, kila siku wanawasha mmoja wanahesabu wenyewe. Yaani kitu tunachokiona kitakatifu sana kilikuwa njia ya kuwanyamazisha watoto.

Mimi nawasha wangu kila Jumapili, peke yangu, nikiongea na mama kwenye simu. Yeye kule anawasha wa kwake, umeme ukiwa umekatika anasema leo umetumika kweli. Tarehe 26 huku nayo ni sikukuu kama huko. Tunakutana Mtanzania mimi, Wakenya wawili na Mrundi mmoja, tunasukuma chapati mpaka king'ora cha moshi kinalia. Jirani wa chini ameshazoea, akisikia king'ora anajua leo Noeli ya Waafrika.

#7 Bin_Tanga

Mimi Muislamu, nimekuja kwenye uzi kwa sababu ya maandazi.

Kwetu Tanga Krismasi tuliijua kwa sahani. Mama Joni wa nyumba ya tatu, tarehe 25 mchana analeta sahani ya pilau imefunikwa kawa. Sahani hairudi tupu, kwa hiyo mama aliiosha na kuiweka kabatini mpaka Idi, ikarudi na biriani. Kuna sahani moja ya maua ya bluu ilizunguka hivyo hata sijui ya nani kihalali. Mama Joni alipohama aliiacha kwetu, mama akalia kuliko alivyolia kwenye harusi yangu.

Mleta uzi, jirani yako wa kushoto anaitwa nani? Usinijibu mimi, jijibu.

Halafu mnaotafuta mti wa plastiki wa Kichina: mkrismasi wenyewe upo barabarani. Ule mti mpana unaotoa maua mekundu kama moto mwezi huu, asili yake Madagaska, na Kiswahili kimeupa jina hilo kwa sababu unajua tarehe kuliko sisi. Sie pwani nyumba za Wakristo walikata pia tawi la mvinje wakalisimamisha kwenye debe la mchanga. Lilinukia bahari.

#8 Mkaaji_wa_Nairobi

Wadau, huku kwetu tarehe 22 Nairobi yote inaenda ushago, yaani kijijini, nauli ya kwenda Magharibi inapanda maradufu na watu bado wanapigania viti. Mimi niliacha kuenda tangu wazazi waondoke. Nilichogundua: jiji likiwa tupu ni zawadi. Barabara ya Waiyaki bila foleni, unatembea hadi katikati ya mji unasikia viatu vyako mwenyewe. Nabeba ndizi na njugu, nakaa Uhuru Park. Ni hivyo tu. Mke wangu alidhani nimepatwa na kitu, sasa tunaenda pamoja.

#9 Mama_Kibubu

Nimesoma wote, hakuna aliyegusa pesa na mleta uzi alianza na pesa. Huwezi kuhisi sikukuu huku moyo unadunda.

Sisi wanawake kumi na wawili wa mtaani tunachanga kila Jumamosi tangu Februari. Desemba tunavunja, tunanunua mchele gunia, mafuta dumu, na ng'ombe mmoja tunagawana mafungu. Mzozo ni maini, kila mwaka, tukaamua yapikwe palepale tule tukiwa tunagawana. Na hayo maini sasa ndiyo sikukuu yenyewe, wanawake kumi na wawili na sufuria moja saa mbili asubuhi, waume wanapiga simu hatupokei.

Kuhusu wanaoomba: mimi natangaza mapema. Tarehe 1 Desemba naandika kwenye grupu la ukoo, mwaka huu uwezo wangu ni hiki, nimempa mama, mkamuulize yeye. Walinuna mwaka mmoja.

#10 Mwembe_wa_Uani (mleta uzi), 14 Desemba

Wakuu, nimerudi. Nilimpigia mama kuomba kipimo cha maandazi. Kipimo akanipa cha mkono wake, "unga mpaka ukutoshe, sukari isizidi sana", nikabaki vilevile.

Ila nikamuuliza, mama, kwa nini ulikuwa unakaanga usiku wa mkesha? Miaka yote nimeamini ni desturi, labda ya ukoo, labda ya Wanyamwezi. Akacheka mpaka akakohoa. Anasema mshahara wa baba ulikuwa unachelewa, mara nyingi ulifika jioni ya tarehe 24 yenyewe, na duka lilikataa kumkopesha unga tangu Novemba. Kwa hiyo unga ulinunuliwa saa moja usiku ndipo maandazi yakaanza. "Mimi nilikuwa nakaanga huku nasinzia, na nilikuwa nawachukia wote." Na jogoo? Alimpokea kwa jirani badala ya deni la ukili wa mikeka aliomsukia. Na nguo za jora moja? Mnajua wenyewe.

Nimekaa na hili siku nne sasa. Yaani kile nilichokuwa nakililia hapa kama utamu wa utoto, kwa mama kilikuwa presha, ileile ya kwangu ya miamala saba. Tofauti ni kwamba yeye alisimama pale uani akakikaanga.

Bin Tanga, jirani wa kushoto sijui jina lake. Namjua kama "baba mwenye bodaboda".

#11 Ukweli_Mchungu

Mama yako nimempenda. "Nilikuwa nawachukia wote." Hiyo ndiyo Krismasi ya kweli.

#12 dada_wa_zamu

Kipimo: unga kilo moja, sukari robo kilo kama unapenda tamu, hamira kijiko kikubwa kimoja, mafuta vijiko vitatu uyafikiche kwenye unga mkavu kwanza, tui au maziwa ya uvuguvugu ukandie taratibu. Usiache unga ulainike sana, utanyonya mafuta. Ufunike uumuke, joto la Dar saa moja linatosha. Ukikata, yaache tena dakika kumi na tano kabla ya kukaanga, hapo wanaume wengi mnaharakisha. Mafuta yasiwe ya moto mno, yataiva nje ndani mabichi. Iliki unayo wewe.

#13 Mwembe_wa_Uani (mleta uzi), 27 Desemba

Mrejesho.

Tarehe 24 nilitoka kazini saa kumi na moja, nikanunua unga dukani kwa makusudi saa moja usiku. Nikiwa nakanda, umeme ukakatika mtaa mzima. Chumbani moto, jiko la gesi liko ndani, nikaona nitakufa. Nikaazima jiko la mkaa kwa mama mwenye nyumba, nikatoka nalo uani na taa ya simu.

Maandazi ya kwanza manane yalikuwa mawe. Ya pili yakafutuka. Harufu ilipotoka, watoto wa nyumba ile walianza kutokea mmoja mmoja gizani, kwanza wanasimama mbali wanajifanya wanacheza. Wa kwanza kusogea alikuwa binti wa bodaboda, ana miaka kama saba. Nikampa kinu atwange iliki iliyobaki. Akanusa kiganja, akaenda kumnusisha baba yake. Baba akaja kuona mwanawe kapewa nini, akakaa kwenye ndoo. Anaitwa Saidi. Bin Tanga, unasikia? Saidi, wa Kilwa, miaka miwili tumepishana mlangoni tunasema "mambo" na "poa".

Kanisani nilifika nimechelewa, nanuka moshi, watu wananigeukia.

Tarehe 25 nilikuwa nimenunua soda kumi na mbili. Nikawatafutia watoto msumari na jiwe nikawaonyesha. Vifuniko viwili vikapinda, chupa moja ikafumka ikamlowesha mtoto wa mwenye nyumba gauni jipya, mama yake hakufurahi na nadhani bado hajafurahi. Waliobaki wakafyonza. Binti wa Saidi mpaka saa kumi na mbili alikuwa anatikisa chupa sikioni kusikiliza kama ipo.

Miamala nilituma miwili, mama na mdogo wangu. Waliobaki niliwaandikia tarehe 15 kama Mama Kibubu alivyosema. Mmoja amenifungia.

Saa kumi jioni, ile saa niliyoisema hapo juu, sikuiona ilivyopita. Nilikuwa nasugua sufuria iliyogandamana, mafuta yamefika mpaka kwenye viwiko, najisikia kama mama: nimechoka na nawachukia wote kidogo.

Leo asubuhi sahani yangu imerudi kutoka kwa Saidi. Ina kambare wa kukaanga.